Sawa kwa Sawa, Kasoro Unyoya

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimekuwa mtu wa kwanza mtaani kuandika programu ya kompyuta. Nimeiandika mwenyewe, kutoka kichwani, bila msaada wa mtu!

Haya. Si wa kwanza. Binti yangu huziandika kila siku, ndiyo kazi yake, na anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Wala si kutoka kichwani, ni kutoka kitabuni, na kitabu chenyewe kimenyofoka kurasa sitini za mwanzo. Lakini nani kasema lazima mtu aanzie mwanzo? Mimi shule niliingia darasa la pili, nikatoka la sita, na mnaniona nilivyo.

Programu ni ya chama chetu cha wafuga njiwa. Mimi ndiye katibu. Jumamosi kuna mashindano. Waamuzi watatu humkagua kila njiwa, na kila mwamuzi huandika kasoro alizoziona kwa sehemu za kumi: nukta moja kwa mkia uliopinda kidogo, nukta mbili kwa jicho lililofifia, na kadhalika. Tunajumlisha. Mwenye kasoro chache kuliko wote anabeba kikombe.

Kikombe hicho Fundi Saa amekibeba miaka mitano mfululizo. Amekiweka dirishani mwa duka lake, katikati ya saa mbili zisizokwenda, makusudi nikipita nikione. Mwaka huu hakuna mchezo. Mke wangu ametangaza, mbele ya mama yake tunayekaa naye, kwamba kikombe kisipoingia nyumba hii Jumamosi, Jumapili banda langu linavunjwa na pale ukutani panakaa tangi la maji. Mama mkwe akaitikia amina. Naye ni mwanachama! Ana njiwa mmoja, mwenye mguu wa kigugumizi. Nilipomkumbusha kwamba analala bandani humohumo, akasema wake hahitaji banda, atalala juu ya kabati.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeijaribu programu. Nikaiuliza swali la mtoto: nukta moja jumlisha nukta mbili, ni sawa na nukta tatu? Ikajibu si sawa. Nikauliza tena kwa adabu. Si sawa. Nikaitukana. Si sawa!

Nikamwita binti yangu, nikamwambia kompyuta aliyoniachia haikusoma. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, baba, hii inahesabu kwa mbilimbili. Nusu inaijua, robo inaijua. Sehemu ya kumi haiwezi kuiandika ikaisha, kama wewe usivyoweza kuandika theluthi moja kwa nukta ukamaliza: tatu, tatu, tatu, mpaka wino ukauke. Kwa hiyo inakata mahali, inabaki na makombo, na ukijumlisha makombo nayo yanajumlika. Usiiulize kamwe kama namba mbili za nukta ni sawa kabisa. Iulize kama tofauti yao ni ndogo ya kupuuzwa. Au bora zaidi, achana na nukta, hesabu hizo sehemu za kumi kwa namba nzima: moja, mbili, tatu.

Hilo la mwisho sikulisikia vizuri. Nilikuwa nimenasa kwenye makombo.

Alipoondoka nikajaribu. Nukta moja, kisha mbili, kisha tatu: jumla nukta sita, halafu msururu wa sifuri, halafu moja imejibanza huko mwisho kama panya. Nikageuza. Tatu, kisha mbili, kisha moja: nukta sita kavu!

Kasoro zilezile. Lakini njiwa mmoja kazidiwa kwa unyoya.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango ni huu. Wa kwangu namwandika nikianza na kasoro kubwa. Wa Fundi Saa nikianza na ndogo. Tukilingana, yeye ana unyoya wa ziada na kikombe ni changu. Hakuna aliyedanganya. Mashine imesema.

Nimemwogesha njiwa wangu mara mbili. Mke wangu amepita na futi kamba, akapima ukuta wa banda. Hakuniangalia. Alikuwa anaimba.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo tulifanya majaribio chumba cha chama, nyuma ya duka la nafaka. Watu walijaa. Nikaeleza programu kwa muda wa saa nzima, na wengi walibaki macho.

Fundi Saa akataka kuona njiwa wawili wa kubuni, wake na wangu, kasoro zilezile: moja, mbili, tatu. Mkono umeshazoea, nikaandika nilivyopanga. Skrini ikamweka yeye wa pili.

Akatoa ile lenzi yake ya kazini, akaibana jichoni, akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akauliza, sita na sita, mimi wa pili kwa lipi? Nikamjibu mashine inaona mbali. Akasema yeye maisha yake yote anashika nyaya nyembamba kuliko unywele, na hiyo si tofauti, ni uchafu wa kufutwa kwa kitambaa. Akaongeza kwamba akili ni nywele, na kwangu anaona upara tu. Chumba kizima kikacheka. Mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji.

Ikaamuliwa: tofauti ndogo zihesabiwe kuwa ni sawa. Ndogo kiasi gani? Wakasema aamue katibu, ndiye mtaalamu. Mtaalamu! Waliandika hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano. Niliwaandikia mimi.

Na watakaolingana, nani apewe kikombe? Nikainuka haraka nikasema, wenzangu, tunaheshimu umri au hatuheshimu? Apewe aliye mkubwa. Nimemzidi Fundi Saa kwa miezi saba. Mikono yote juu. Mama mkwe akasema leo mkwe wake ametoa neno la maana, la kwanza tangu ndoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sasa nipuuze tofauti kiasi gani? Kitabu kinapendekeza kitu chenye sifuri tisa mbele. Kidogo hivyo nani atahangaika kukipuuza? Hata dharau inataka kitu cha kudharau. Nimeweka nukta moja na nusu yake. Fundi Saa akinishinda kwa sehemu moja ya kumi, mashine itasema tuko sawa, na mimi ndiye mkubwa. Akili hii ingepata darasa la saba ingekuwa hatari.

Binti akapiga simu. Akauliza nimeacha nafasi kiasi gani. Nikasema kidogo. Akauliza kidogo ukilinganisha na nini, maana kama waamuzi wanaruka kwa sehemu za kumi, nafasi lazima iwe ndogo mno kuliko sehemu moja ya kumi, la sivyo nitameza tofauti za kweli. Nikamwambia birika linachemka, nikakata. Sikuwa na birika.

Jumamosi, 9 Agosti

Njiwa kumi. Fundi Saa: nukta sita. Wangu: nukta saba. Amenishinda kwa moja tu! Moyo ulinipiga kwa furaha. Nyuma yangu mshona nguo, nukta nane. Akafuata kinyozi, nukta tisa. Na wengine hivyohivyo, kila mmoja sehemu moja nyuma ya mwenzake, mpaka wa mwisho kabisa, njiwa wa mama mkwe, moja nukta tano. Mguu.

Nikabonyeza kitufe kwa kidole cha mwisho, kwa madaha.

Skrini ikasema: wote kumi wako sawa.

Nilikuwa nimeiamuru imlinganishe kila njiwa na aliye mbele yake. Wangu sawa na wa Fundi Saa, vizuri. Lakini wa mshona nguo sawa na wangu. Wa kinyozi sawa na wa mshona nguo. Ikateremka hivyo ngazi kwa ngazi mpaka kwenye mguu wa kigugumizi, kisha ikamtafuta aliye mkubwa kwa umri. Mama mkwe. Miaka themanini na sita.

Fundi Saa aliketi chini kwa kicheko. Akasema ndiyo yale ya mteja wake mmoja: dakika moja si kitu, na nyingine si kitu, na nyingine, mpaka akafika kazini wenzake wanafunga milango.

Mama mkwe akaja kwa mkongojo. Katibu ndiye anayekabidhi. Nikakabidhi. Akanishika mkono mbele ya watu, akasema alikuwa hajui kama nampenda kiasi hiki. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema kila mama angeomba mkwe kama mimi. Nikainama. Nikasema ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo.

Jumapili, 10 Agosti

Kikombe kimeingia nyumba hii, kwa hiyo banda halivunjwi. Mke wangu ni mtu wa neno lake. Ila mama mkwe amesema bingwa halali juu ya kabati. Banda ni la bingwa sasa. Njiwa wangu kumi na wanne wamekubaliwa kubaki kama wageni, na mimi kama mfagiaji.

Binti alikuja akairekebisha programu kwa dakika kumi, namba nzima tupu, hakuna nukta hata moja. Akanisihi nisiiguse. Nikaahidi.

Alipotoka nikaigusa. Kosa nimeliona, na ni dogo. Si kasoro za njiwa zilizoniangusha, ni umri! Umri nao ni namba. Mwakani naacha nafasi ya kupuuza ya miaka kumi na nane, basi themanini na sita na sitini na tisa zitakuwa sawa tu, na wakilingana kwa umri atangulie aliyezaliwa mwezi wa mapema. Mimi ni wa Februari. Fundi Saa ni wa Septemba. Hakuna mwanya!

Mke wangu, najua husoma daftari hili nikiwa bandani nafagia. Unakumbuka nani alikushikia ngazi ulipopaka rangi dari, mpaka shingo ikagoma siku tatu? Sikukudai kitu. Sasa nadai kidogo tu: muulize mama yako, taratibu, usiseme nimekutuma, alizaliwa mwezi gani.