Hataza ya Sufuria Isiyozunguka

Alhamisi, 1 Oktoba 2009
Ushindi, hapa hapa Hjulsta! Majiko ya kioo ya nchi hii ya Waswidi yanateleza: ukisonga ugali, sufuria inazunguka pamoja na mwiko. Wiki jana ilimzungukia mke wangu Séraphine, ikamuunguza mkono. Niliumia kuliko yeye. (Anakataa.) Sasa nimebuni fremu ya chuma: inashika ukingo wa jiko, inabana sufuria. Séraphine amesonga ugali kwa mkono mmoja. Akasema nimefanya vizuri. Mara ya mwisho kusema hivyo ilikuwa siku ya harusi.

Ijumaa, 2 Oktoba
Nimepiga simu ofisi ya hataza, wale wanaolinda haki za wavumbuzi. Mama mmoja mpole akaeleza kwamba nikipeleka ombi la kwanza tu, tarehe inakuwa yangu, hakuna atakayenitangulia, mengine yatafuata. Miadi Jumatatu. Kabla ya hapo, nisimwonyeshe mtu. Mimi? Siri nafa nayo! Nimebandika magazeti dirishani. Nimemwapisha Séraphine. Binti yetu Gaëlle akauliza kwa Kiswidi kama ninaumwa. Hofu yangu ni Clovis wa Spånga, fundi wa kuchomelea. Akiona kitu leo, kesho anacho. Alipopiga hodi jioni nilijificha chini ya meza.

Jumapili, 4 Oktoba
Kanisani, Sundbyberg. Nilikuja na fremu ndani ya begi, maana nyumbani wezi. Wakati wa ushuhuda Clovis akasimama: Mungu amempa Volvo. Vigelegele! Akatikisa funguo. Roho ikaniuma. Volvo hata wapagani wanazo! Nikajikuta mbele, kipaza sauti mkononi, nikitangaza ufunuo. Kanisa zima likanifuata hadi jiko la ukumbi. Mama Maombi, mkuu wa kikundi cha sala, akasonga ugali kwa nguvu zote. Sufuria haikutikisika! Amina ya watu mia mbili. Clovis alikuwa anapiga video. Na miadi ya kesho? Haina shida. Kanisa ni familia, familia si watu.

Jumatatu, 5 Oktoba
Yule mama akauliza kama kuna aliyeiona. Nikajibu kwa fahari: kanisa zima, na hakuna aliyepinga. Akavua miwani. Akaeleza polepole kwamba kilichoonyeshwa hadharani si kipya tena, na kisicho kipya hakipati hataza. Nikamwambia kanisani si hadharani, ni mbele za Mungu. Akauliza kama mlango ulikuwa wazi. Nikasema mlango wa kanisa letu haufungwi kamwe. Akaandika hilo. Jioni Gaëlle akanionyesha: ibada yote iko mtandaoni, kwa hisani ya Clovis. Nimelia bafuni, maji nimeyafungulia. Séraphine akagonga, akasema ugali uko tayari na mkono wake ni mzima.

Jumamosi, 10 Oktoba
Clovis anawachomelea mama wote wa kanisa fremu. Bure! Anasema ni kwa heshima ya mvumbuzi, Papa Gaëlle, yaani mimi. Hata kumchukia kumenishinda. Nimejaribu tangu asubuhi.

Jumapili, 18 Oktoba
Nimebuni kingine! Kikubwa kuliko kile! Safari hii nimejifunza, mdomo nimeufunga. Ushuhuda sitoi, hata Clovis apewe ndege. Nimemwambia Pasta peke yake. Na kwaya, wafunge na kuomba siri isivuje. Nimewachorea ubaoni, vipimo vyote, ili kila mmoja ajue anachokiombea.