Wito wa Sabuni

Jumatatu, 12 Mei 2025
Siku ya nne bila mteja dukani. Zamani mtu alifuata robo ya sukari, akasalimia, akauliza habari za migomba, akadai nyongeza, akapewa pipi. Siku hizi anabonyeza simu. Jirani yangu Atupele, asiye na duka wala meza, anauza sabuni kwa WhatsApp na bodaboda inafikisha mlangoni! Mke wangu Winfrida ametamka: wateja wasipoonekana hadi Jumamosi, fremu hii inakuwa saluni yake. Namshukuru. Wengine hawapewi hata notisi.

Jumanne, 13 Mei
Nimeingia katika usasa! Nimetunga tangazo, rasimu tatu, na kulituma katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu wa Msasani, huku Unyakyusani:
"YAH: SABUNI YA MCHE. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unatakiwa kufika Msasani, kwa Ndugu Ambwene, Alhamisi saa tatu kamili asubuhi, bila kukosa."
Winfrida akauliza kama nauza au nashtaki. Nimemsamehe.

Alhamisi, 15 Mei
Watu thelathini na wawili, mvuani! Machozi yalinitoka. Kumbe kila mmoja ameshika kitambulisho na picha ndogo mbili. Mzee Asajile, aliyetumiwa tangazo na bintiye, katoka kijijini Ikuti alfajiri amevaa suti, akidai kujua nani kamshtaki. Nikafafanua kuwa ni sabuni. Akasema, "We Ambwene, suti ya harusi kwa mche wa sabuni?" Yaliyofuata yalikuwa ya Kinyakyusa na hayaandikiki.
Wakaanza kuondoka. Saluni niliiona kwa macho!
Ndipo Atupele akaingia, leseni ya biashara mkononi, akijitetea kabla ya kuulizwa. Naye aliitikia wito. Aliposikia ni sabuni tu, alicheka hadi akakalia gunia la chumvi. Akawauliza wenzake: jamani, mmeshakanyaga tope lote hili, mrudi mikono mitupu? Kwake yeye, akasema, wangelipia na boda.
Katoni nne zikaisha. Mzee Asajile alichukua miche miwili, akanuna, akadai nyongeza. Nyongeza! Sijalisikia neno hilo mwaka mzima. Nikampa pipi tatu. Atupele nilimwambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa.

Jumamosi, 17 Mei
Winfrida ameahirisha saluni. Alhamdulillahi, kama asemavyo fundi cherehani jirani.
Mchana mtendaji wa mtaa akaniita. Kwa upole akanieleza kuwa nimehangaisha wananchi, na kwamba wito usio na muhuri si wito.
Nimemshukuru kwa mikono miwili. Kumbe kasoro ilikuwa hiyo tu! Jumatatu nakwenda kuchonga muhuri.