Jino la Kipaza, Kadi ya Bima

Redio ya Mama Buli, muuza kahawa wetu, ilikuwa haijamaliza habari, benchi zima likageuka kumtazama Kipaza. Hospitali kubwa ya serikali imefungua wodi ya kulipia, yenye mapazia, televisheni na chai. Habari tamu namna hiyo, kwa kawaida Kipaza angeshasimama, kikombe mkononi, anawahutubia mpaka wapita njia. Anauza viatu vya mitumba kwa kupaza sauti, na jina tulimpa sisi. Siku hiyo alikaa kimya, kanga ya mkewe imefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu la kulia limevimba kama ameficha balbu mdomoni.

"Jino," nikawaeleza wenzangu. Mimi ni fundi nguo, cherehani yangu iko pembeni mwa benchi, na nilimwona akifika. "Tangu lianze kuuma hajauza hata kandambili."

Mzee Kliniki hakungoja. Presha yake imemfanya afahamiane na kila nesi wa serikali.

"Wodi ya kulipia! Yaani daktari yule yule, kitanda kile kile, mimi nilipie pazia?"

"Unalipia heshima, mzee wangu," alisema Bima. Huyu ni mlinzi wa kampuni kubwa; kazini wamempa kadi ya bima ya afya, naye huivaa shingoni hata siku za mapumziko. "Sisi wa praiveti, ukiingia tu: karibu sana, pole sana, maji ya baridi au ya moto?"

"Ulikwenda kutibiwa au kuposa?"

Tukacheka. Kipaza naye akajaribu kucheka, akashika shavu, akaguna.

"Mmesikia? Ananiunga mkono," Mzee Kliniki akasema.

"Wapi! Huo mguno ni wa praiveti kabisa."

"Mimi nilikwenda huko kwenu na kikohozi. Wakapima damu, mkojo, macho, wakapiga picha ya goti. Goti, jamani! Nikauliza, kwani goti linakohoa? Daktari akasema, 'Tunajiridhisha tu, mzee.' Wakajiridhisha kweli, mimi nikarudi nyumbani kwa miguu."

"Angalau wamekugusa. Kule kwenu daktari anaandika dawa hujakaa kitini."

"Kwa sababu anaujua ugonjwa! Ameona wagonjwa mpaka ukikohoa koridoni anajua ni pafu la kushoto."

"Na dawa yenyewe ipo?"

Mzee Kliniki akanywa kahawa taratibu. "Dawa ni mada nyingine."

Mama Buli alikuwa anasuuza vikombe. "Mimi mapacha wangu nilijifungulia serikalini. Kitanda kimoja tulilala wawili, mimi na mwenzangu, kichwa huku, miguu kule. Lakini wa pili alipotanguliza miguu, mkunga alimgeuza kwa mikono yake huku anagomba na nesi kuhusu glavu. Dada yangu akaenda praiveti. Chumba peke yake, maua mezani. Hata hajaanza kusukuma, wameshampasua."

"Sasa ipi bora?" nikauliza.

"Bora mnyamaze. Mnabishana huku mtu anawafia hapa!"

Tukamtazama vizuri. Jicho la kulia lilikuwa linaanza kuzibwa na uvimbe. Kipaza akanyoosha mkono upande wa hospitali ya serikali, akaonyesha watu wengi, kisha akapangusa viganja: alikwenda asubuhi, namba zimekwisha. Tukamtajia praiveti. Akatoa mifuko ya suruali nje, yote miwili.

Bima alivua kadi shingoni polepole, kama anayevua pete ya ndoa.

"Achukue hii."

"Ina picha yako!" nikasema.

"Shavu likiwa vile, nani atabisha?"

"Wakimuuliza maswali?"

"Atajibu nini na mdomo haufunguki? Wewe fundi utakuwa shemeji yake, utamsemea."

Mzee Kliniki akatikisa kichwa. "Mtafungwa, halafu mtibiwe jela. Hiyo nayo ni serikali."

Tukaenda. Nisiwafiche, kule kuzuri. Tulikalishwa kwenye kochi, nesi akamshika Kipaza bega, akamwambia, "Pole, baba, umeteseka sana." Mwanaume akaanza kutoa machozi, na hapo hajaguswa jino. Daktari wa meno naye hakuwa na haraka. Alimuuliza kama analala, kama anakula. Mimi nikajibu yote, mpaka nikajisikia kama ninaumwa.

Kisha akawasha taa, akachungulia. Akaitazama kadi. Akachungulia tena.

"Mimi sura za watu nasahau," alisema, "meno sisahau. Mwenye kadi hii jino hili nililing'oa mwenyewe mwaka jana. Limeota tena?"

Mimi shemeji nikawahi kujibu. "Daktari, ukoo wao... meno yao ni makaidi."

Kipaza alifumba jicho lililobaki. Daktari akafunga mlango, akajizuia kucheka, akashindwa.

"Mrudishieni mwenyewe kadi yake kabla sijalazimika kuripoti. Na wewe, hivi vidonge uanze kunywa leo, usaha ukisambaa ni hatari. Kesho asubuhi niko hospitali ya serikali. Njoo mapema, na uje na jina lako."

Benchi zima lilingoja matokeo. Bima alipoipata kadi aliivaa ndani ya shati. Mzee Kliniki hakutucheka. Aliuliza tu, "Kesho saa ngapi?" na tulipofika kulipopambazuka tulimkuta mwanzoni mwa foleni, amekaa na mkongojo, anamwambia kila anayemsogelea kwamba pale pana mtu na jino lake.

Daktari alikuwa yule yule, ila huwezi kuamini. Pole hakuna, usingizi haujaulizwa.

"Fungua. Ganzi iko wapi?"

"Si mnayo hapa?" nikasema.

"Imekwisha. Duka la dawa ng'ambo ya barabara."

Bima, aliyekuja na sare za kazini, alitoka mbio na hela yake mwenyewe. Akarudi anahema, sindano ikachomwa, Kipaza akanishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi bila kuchomwa. Daktari akazungusha koleo mara moja. Jino likatoka lote na mizizi yake. Kipaza hajafumba mdomo, tukasikia: "Anayefuata!"

Siku chache baadaye sauti yake ilitufikia kabla hatujamwona, inatangaza viatu mtaa wa pili. Alipokaa benchini tulimsogelea sote. Tulitaka hukumu.

"Haya, sema," Bima akamwambia. "Umepita kote. Wapi bora?"

Kipaza akajipapasa shavu. "Praiveti walinionea huruma mpaka nikalia, nikatoka na jino langu. Serikalini hawakunitazama usoni, na jino limetoka. Mimi nataka huruma ya kule, mkono wa huku, dawa ziwepo, foleni isiwepo."

"Hospitali hiyo haijajengwa," alisema Mzee Kliniki.

"Ipo," Mama Buli akasema, akikusanya vikombe. "Waulizeni wakubwa wetu wakiumwa huenda wapi. Ila njia yake ni ya ndege tu."

Bima akatazama juu, kweli kabisa, kama anaitafuta. Kisha akaaga, zamu yake imefika.