Kigoda cha Babu Alute

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimefika nyumbani, Iguguno. Msimamizi wangu, Dk. Loyce, kasema wazi: sura ya tatu ifike Ijumaa, la sivyo nafutwa uzamili wa falsafa. Yasinta wa Nduguti, tunayesoma naye, ameshakabidhi yake. Maringo hayo! Lakini yangu itamfunika. Hoja: wafu hawana nguvu ila ile tunayowapa wenyewe. Wanafalsafa wa Ulaya wameandika hivyo kwa maneno magumu. Mimi nitathibitisha sebuleni kwetu. Kila anayeingia hukiamkia kigoda cha marehemu babu Alute. Nitakikalia bila kuamkia.

Jumanne, 10 Juni
Nimekaa. Mama kaziba mdomo kwa khanga. Shangazi Kristina kaniomba nimwamkie babu, neno moja tu, yaishe. Nikamweleza kwamba shikamoo ni chombo cha mamlaka. Akasema sawa, mwanangu, babu yako hana haraka. Nimeandika kurasa sita kwa kalamu bila kufuta neno. Kigoda kina joto, kama mtu ametoka kuinuka sasa hivi. Dirisha limefungwa, jua haliingii. Nitaweka tanbihi.

Jumatano, 11 Juni
Wamenigomea. Nimemwamkia jirani yetu, mzee Obadia, kapita tu. Mama kapakua ugali na mlenda, sahani yangu hakuna. Kuku wanadonoa katikati ya miguu yangu bila kushtuka. Mgomo umepangwa vizuri, nakiri, hata kuku wameshirikishwa. Nikampigia Dk. Loyce. Haloo, haloo, akakata. Mtandao wa huku!

Alhamisi, 12 Juni
Mama analia. Anauliza watu Godfrey kaenda wapi bila viatu. Nimesimama mbele yake. Niseme ukweli, nimeogopa. Shangazi akageuka, akaongea na ukuta, mbali kidogo na nilipo: kama nasikia, nimwamkie babu, nitaachiwa. Neno lilinifika ulimini. Lakini nikilisema, sura yote inaanguka, na Yasinta atacheka. Nikarudi kigodani kuandika hitimisho.

Ijumaa, 13 Juni
Sura imekamilika. Haijatumwa, kompyuta haivisikii vidole vyangu, kalamu tu ndiyo bado inanitii. Yasinta kaja kumpa mama pole. Anasema chuoni jina langu limeshafutwa. Kisha akasogea kigodani, akapiga goti, akanitazama usoni, akasema shikamoo babu.

Mwaka mzima nimeisubiri heshima hii kutoka kwake. Nikaitikia marahaba. Sauti ilikuwa nzito kuliko yangu, na safari hii wote walisikia.

Kigoda kimenikaa vizuri. Kesho naanza sura ya nne.