Kidumbak Kisichonyamaza

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua za vuli. Ukuta unatoka ukungu. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki tena. Nimekipaka mafuta ya mchaichai. Nanukia chai, kidole ni kilekile.

Bi Salhiya, mkuu wa kikundi chetu cha kidumbak, muziki wetu wa harusi, ametangaza kuwa baada ya harusi ya Jumapili atakata shauri nani akalie kiti cha mpiga vidumbak, zile ngoma mbili ndogo: mimi, niliyekikalia miaka thelathini na mmoja, au Kificho, mpiga sanduku, lile besi la kamba moja. Kificho akanipa pole kabla shauri halijakatwa. Alikuwa akiutazama mkono wangu. Anajua!

Nimesomesha sarufi miaka arobaini. Sitaondolewa na mpiga sanduku.

Nina mpango. Mkono hauhitajiki.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda Mchangani kwa Rumana, anayeuza vitambaa chini na kutengeneza muziki kwa kompyuta ghorofani. Amenionesha safu ya visanduku kumi na sita kwenye kioo. Ukijaza kisanduku, ngoma inalia hapo. Njia ya pili ni kupiga vitufe kwa vidole, na mashine ikahifadhi ulivyopiga. Nimechagua visanduku. Vimenyooka, vinapendeza.

Akanishauri mapigo mengine niyasogeze nyuma kidogo, mengine niyapunguze nguvu. Nikamjibu kuwa kila pigo lina mahali pake. Akasema haya, Mwalimu, kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemsikilizisha mke wangu, Bi Rahila. Akatoka jikoni akauliza nani anatwanga. Nikamwomba acheze kidogo. Akasimama dakika nzima kama anayengoja maji ya bomba. Eti kiuno hakikupata pa kuingilia!

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekubali kusogeza. Kila pigo la nne, nyuma, kwa kipimo kimoja. Bi Rahila amesema sasa inachechemea, tena inachechemea kwa ratiba. Akarudi kwenye bamia zake.

Unyonge mkubwa. Sikula.

Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya sala nimerudi kwa Rumana. Amenikalisha mbele ya vitufe akaniambia nipige mwenyewe, na maumivu yangu yote. Kile kidole kikawa kinachelewa kila kilipopenda. Niliona haya. Bega la Rumana likaanza kwenda. Akasema, “Papo hapo, Mwalimu! Usiguse kitu!” Akairudiarudisha hiyo hiyo kwa mashine mpaka ikawa na urefu wa saa moja na nusu, akaitia katika simu yangu.

Bi Rahila aliposikia aliacha mwiko akacheza. Akauliza kwa nini basi nisiende nikapiga vivi hivi. Nikamwambia mambo ya ufundi hayajui.

Jumapili, 16 Novemba

Siku nyeusi.

Harusi ilikuwa Miembeni, uani. Spika ndogo na simu nilivificha ndani ya kidumbak kikubwa, nikakibana kwa magoti. Nikawa napapasa ngozi tu. Wanawake walicheza mpaka kanga zikalowa. Bi Salhiya alinitupia jicho la furaha mara mbili. Kificho alinuna. Nilikuwa mtu tena!

Ikaadhiniwa alasiri. Kwa desturi yetu, kila chombo hunyamaza. Fidla ikanyamaza, sanduku likanyamaza, mitandio ikapandishwa vichwani. Mimi hupenda kuwa wa kwanza. Nikainua mikono yote miwili juu, ili Bi Salhiya aone adabu yangu.

Kidumbak kikaendelea.

Ua mzima ukaitazama mikono yangu. Mama wa bwana harusi akasema astaghfirullah. Kificho akauliza, “Mwalimu, ngoma yako imepagawa?” Nikaingiza mkono ndani mpaka kiwiko. Kidole kisichokunjika hakizimi simu. Nikakikumbatia kidumbak kifuani, nikatoka nacho mvuani, kikilia njia nzima mpaka nyumbani, Mlandege.

Jumatatu, 17 Novemba

Bi Salhiya amekuja. Nilidhani amefuata kiti. Kweli, kwa sasa kiti ni cha Kificho. Lakini akasema kidole changu amekisikia kinachelewa miaka miwili sasa, na kuwa wanawake hutuita sisi, hawawaiti wengine, kwa sababu ya kuchelewa huko. Kilichomwudhi si kidole, ni simu. Akasema kuna harusi nyingine Jumamosi ya tarehe 7 Februari, nirudi, nije na mikono mitupu, kama nilivyo. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Bi Rahila alilia. Mimi nilitazama mvua.

Jumanne, 18 Novemba

Nimefikiri sana. Maskini Bi Salhiya, ananihurumia. Sitamwaibisha mwanamke mwema kwa kidole kibovu. Kosa lilikuwa dogo, nami nimelirekebisha: Rumana ameweka kimya cha dakika nne katika ule muziki, kianze kwa saa ya simu, saa tisa na dakika ishirini na saba barabara, adhana ilipoingia juzi.

Bi Rahila ameniuliza kama nimesahau kuwa nyakati za sala huhama, na kuwa Februari si Novemba. Nimemjibu kuwa saa hiyo nimeiandika mimi mwenyewe, tena kwa wino.