Gemu la Watu Kumi na Wawili

Ting.

Ilikuwa sauti hiyo tu, nyembamba kama kijiko kilichogusa ukingo wa kikombe, na Mudathiri anaikumbuka mpaka leo. Kompyuta ilikuwa inampa habari kutoka lile duka kubwa la magemu la mtandaoni, ambamo dunia nzima hununua michezo yake: gemu lako limekaguliwa, limekubaliwa, chagua siku ya kulizindua.

Mudathiri akainuka, akaenda kuvaa viatu. Habari kama ile haisomwi miguu mitupu.

Kwa wasiomjua, Mudathiri ni kijana wa Mohoro aliyehamia Kibiti, anayetoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa karibu na stendi. Hiyo ni kazi ya mikono yake. Kichwa chake kilikuwa kimeajiriwa kwingine: kwa miaka mitatu kilitengeneza gemu liitwalo Waamia Ndege, na mwenye kichwa alikuwa ameshaanza kutembea taratibu, kama mtu anayebeba trei ya mayai shingoni.

Kuamia ndege hakuhitaji maelezo Rufiji nzima. Mpunga ukianza kutia maziwa, unapanda dungu, kile kibanda cha miti mirefu katikati ya shamba, na kutwa kucha unafukuza ndege wasiumalize. Mudathiri aliyatia hayo yote ndani ya kompyuta. Mashamba kumi na mawili yamepangana, madungu kumi na mawili, na watu kumi na wawili, kila mmoja nyumbani kwake na nchini kwake. Ndege ukiwafukuza kwako wanatua kwa jirani. Kwa hiyo gemu halifunguki mpaka watu kumi na wawili watimie.

"Tungepunguza wakawa wanne," alishauri Mwalimu Gaudens, mwalimu wa kompyuta kutoka Bukoba, aliyewachora ndege wote wa gemu lile kwa mkono wake.

"Wanne, mwalimu? Hao si waamiaji. Hao ni watalii."

Ikabaki kumi na mbili.

Sasa likaja suala la siku, na hapo ndipo roho ya mtu ilipokuwa. Duka lile lina desturi yake: gemu jipya huwekwa rafu ya mbele kwa siku tatu. Likijaa watu, linakaa mbele. Lisipojaa, linapelekwa nyuma, kwenye maelfu ya magemu ambayo hata walioyatengeneza wamesahau majina yake. Na hakuna kuzindua mara ya pili.

"Siku tatu, mwalimu," alisema Mudathiri. "Miaka mitatu yangu inahukumiwa siku tatu. Mtu anayechagua tarehe kwa kubahatisha anajichimbia kaburi na kulipalilia."

Yeye hakubahatisha. Alitazama video kumi na nne za wataalamu. Akatundua kalenda ukutani, akaiweka juu ya meza kama daktari anayelaza mgonjwa, akashika kalamu nyekundu.

Ramadhani ikafutwa, watu wamefunga. Idd ikafutwa, watu wanatembeleana. Zikafutwa siku za mechi kubwa, za hapa na za Ulaya. Ikafutwa wiki ya mitihani ya vyuo vya Korea. Likafutwa punguzo kubwa la bei la mwezi wa sita, likafutwa gemu la Wajapani linalotoka Aprili, ikafutwa sikukuu moja ya Wakanada ambayo Wakanada wenyewe hawana hakika nayo.

Akabakiwa na Jumamosi moja, katikati ya Mei, nyeupe kama yai.

"Iangalie," akanong'ona. "Dunia nzima imeiacha siku hii. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Hawana jicho."

Mwalimu Gaudens akakuna kidevu. "Na watu wa huku? Lile kundi letu la majaribio?"

Kundi la majaribio lilikuwa watu mia tatu na arobaini wa Mohoro, Ikwiriri na Kibiti. Mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado, walilicheza gemu lile asubuhi mpaka jioni, mpaka waume wakanyimwa chakula na wake wakaunguza chakula. Hao ndio waliotegemewa kulijaza siku ya kwanza.

"Hao ni wangu, mwalimu. Watu wa huku wana shughuli gani?"

Tarehe akaificha kama jina la mtoto ambaye hajazaliwa. Watengenezaji wakubwa, alisema, hufanya hivyo. Duka nalo halikubali tarehe ibadilishwe zikibaki wiki mbili. Kwa hiyo alingoja zikabaki wiki mbili kamili, mlango ukajifunga, ndipo akampigia simu mama yake, Bi Zabibu, Mohoro.

"Mama, tarehe kumi na sita nazindua."

"Alhamdulillahi. Sasa nani atakaa dunguni?"

"Dungu gani?"

"La kwetu, baba. Ndege wataingia wiki hiyohiyo."

"Si utafute mtu tu, mama."

"Nimtoe wapi? Kila mtu ana dungu lake."

"Siku tatu tu. Kwani hao ndege hawawezi kungoja siku tatu?"

Simu ikakatika, au ilikatwa. Mudathiri akairudisha mfukoni, ametulia. Alisikia ndege, akasikia wiki hiyohiyo, akasikia kila mtu ana dungu lake, na maneno hayo matatu yakapita kichwani mwake kama wasafiri watatu wa basi moja, wasiosalimiana.

Kosa lile asingelifanya mtu wa Dodoma. Mtu wa Dodoma angeuliza.

Jumamosi ikafika. Mbele ya duka la fotokopi kulikuwa na viti hamsini vya kukodi, spika mbili, na kitambaa kilichoandikwa UZINDUZI WA KIMATAIFA. Viti viwili vilikaliwa na wanawake waliokuwa wanasubiri basi la Dar. Mudathiri aliwahutubia kwa robo saa kuhusu mustakabali wa teknolojia, nao wakasikiliza kwa adabu, maana pale palikuwa na kivuli.

Saa nne kamili akafungua gemu.

Kwenye kioo pakaandikwa: waliopo, 1. Huyo alikuwa yeye mwenyewe. Mwalimu Gaudens akaingia kwa simu yake, akiwa amekaa kiti cha pembeni yake. Waliopo, 2.

"Wanaamka sasa hivi," alisema Mudathiri.

Saa tano akaingia wa tatu. Jina lake Lobo, na chini ya jina palikuwa na bendera ya Brazili. Mudathiri akamshika mwalimu bega.

"Umeona? Bara lingine hilo."

Lobo akaandika alama ya kuuliza, peke yake. Mwalimu Gaudens akamjibu asubiri kidogo.

Saa sita, waliopo, 3. Basi la Dar likaja likachukua wasikilizaji wote wawili. Mudathiri akampigia Fikirini, bingwa wa kundi la majaribio, jirani wa mama yake kule shambani. Simu iliita sana ndipo ikapokelewa, na nyuma ya sauti kulikuwa na debe linapigwa.

"Fikirini, uko wapi?"

"Dunguni."

"Ndani ya gemu sikuoni."

"Ah, dungu la miti, bwana. Niko juu, ndiyo maana mtandao umenishika. Nikikaa chini unaniacha."

"Basi simama ufungue gemu, leo ndiyo siku!"

"Ndugu yangu, gemu ninalo hapa la bure. Tena ndege wa huku hawaishi chaji."

"Na wenzako? Saadi? Zuena?"

"Saadi namwona kule, kapanda. Zuena yule, anatukana ndege na baba zao. Wote wapo, tumekutana wote. Kasoro wewe tu. Halafu sikia Mudathiri, ndege tukiwafukuza huku wanatua kwenu. Mama yako yuko peke yake, sauti imemkauka."

Mudathiri akaishusha simu taratibu. Akaitazama kalenda aliyokwisha irudisha ukutani, yenye wino mwekundu kila mahali. Alizijua ratiba za wanafunzi wa Korea. Aliyajua mapumziko ya Wakanada. Alitengeneza, kwa miaka mitatu, gemu zima kuhusu watu wanaokaa dunguni mwezi wa tano, halafu akawaalika watu hao kulicheza mwezi wa tano.

"Mwalimu," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Mimi kwetu ni ndizi," alijibu Mwalimu Gaudens. "Ndege hawana haja nazo."

Jumapili walifika watano, kwa dakika sita. Jumatatu jioni gemu likahamishwa rafu ya nyuma, kimya kimya, kama mzee anavyoondolewa mezani akiwa amesinzia. Lilibaki na maoni ya mteja mmoja, na Mwalimu Gaudens akamfasiria mwenziwe: "Mandhari nzuri. Ndege wazuri sana. Nimesubiri saa mbili na nusu, mtu mmoja mpole akiniambia nisubiri. Natumaini wote huko ni wazima."

Mwalimu alifurahi kidogo kwa ajili ya ndege wake wa kuchora, akajitahidi isionekane.

Jumanne alfajiri Mudathiri alipanda gari la kusini, akavuka daraja, akachukua bodaboda mpaka Mohoro, na kutoka hapo akafuata njia ya mashambani kwa miguu, viatu vya uzinduzi mkononi. Jua lilikuwa limepanda. Bonde lote lilikuwa la kijani linaloelekea manjano, na juu yake yalisimama madungu, moja baada ya jingine, na juu ya kila dungu mtu anayemjua. Saadi. Zuena. Seleman na mkewe. Bushiri, aliyeahidi kwa kiapo kwamba siku ya uzinduzi hata choo hataenda. Katika maisha yake Mudathiri hakuwahi kuwaona wachezaji wake wengi kiasi kile kwa wakati mmoja.

Shamba la kwao lilikuwa limeliwa pembe nzima. Mabua yalisimama, masuke mepesi, yakipepea bila uzito wowote. Akaliangalia muda mrefu kuliko alivyowahi kukiangalia kioo.

Bi Zabibu alikuwa juu ya dungu, mtandio kiunoni. Hakumgombeza. Sauti ya kugombezea hakuwa nayo.

"Panda," alisema kwa mkwaruzo. Akampa kombeo na kumsogezea madonge ya udongo. "Miye nipumzike."

Kutoka dungu la jirani Fikirini akaita:

"Mzinduzi kafika! Jamani hesabuni. Kumi na moja sisi, na huyo. Tumetimia. Tuanze?"

Kicheko kikapita juu ya mpunga, dungu kwa dungu. Kisha ndege wakanyanyuka kwa Zuena, wengi, kama shuka linalokung'utwa, wakageuka wote pamoja kuja upande wa Mudathiri. Bonde zima likamtazama mtaalamu.

Mudathiri akatia donge, akazungusha kombeo mara moja, mara mbili, akaachia. Donge likaruka nyuma, likatua ndani ya sufuria ya mihogo ya mama yake. Ndege wakatua mbele, bila haraka, wakaanza kula.

Bi Zabibu akaitazama sufuria. Akamtazama mwanawe. Hakucheka, alitaka kujua kweli.

"Kwani kwenye huo mchezo wako, mtu akitaka kurusha anafanyaje?"

Mudathiri akainamia kombeo, akaviringa kamba yake kidoleni, na kwa sauti ambayo hata Fikirini hakuisikia, akasema:

"Anabonyeza, mama."