Mama Mkwe na Video ya Zamani

Leo uso wangu sijui nimeuacha wapi. Naandika haya nimejifungia chumbani, na hata jirani akifunga mlango wake naruka.

Kabla hamjaanza kucheka, mjue kwamba ninyi wa grupu hili ndio mlioniponza. Kila siku mnatuma sauti zenu. "Mnakumbuka nyumba ya video ya pale karibu na soko?" "Mnakumbuka tulivyokalia matofali?" Mlioko ng'ambo ndio wabaya zaidi. Mtu yuko kwenye baridi, ana televisheni kubwa kama mlango, halafu analilia kibanda cha matete kilichozibwa kwa shiti nyeusi ya plastiki! (Nami nikalia pamoja nanyi, sikatai.)

Basi nikasema ngoja niirudishe zamani, angalau kwa Jumapili moja. Nikamwendea Kashindi. Yule aliyekuwa akishika maikrofoni na kutufasiria filamu kwa Kiswahili. Kichina hajui, Kiingereza hajui, lakini hakuna filamu iliyowahi kumshinda. Siku hizi ana mvi na wajukuu, ila deki yake ya mikanda bado anayo, na sauti ni ile ile. Tukaondoa mihogo kwenye stoo yangu, tukaziba madirisha, tukapanga mbao juu ya matofali. Ile spika kubwa, bafle, tukaipandisha juu ya paa, mdomo ukitazama barabara, ili hata asiye na la kulipa asikie, kama enzi zetu. Niliifunga mwenyewe kwa waya, kwa mikono yangu hii hii.

Nikavaa kizamani pia. Jinzi pana za kuburuza. Shati la kung'aa. Na vile viatu vya soli nene ambavyo tukivivaa tulikuwa warefu kuliko walimu. Mke wangu Riziki akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Papa Neema, unafanana na mutu mwenye alitoroka ku hospitali."

Akachukua Biblia yake aende kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Mlangoni akageuka, na sasa hakuwa anatania.

"Mama yangu namuacha ku mukono yako. Kitu kikimupata, usinitafute."

Mama mkwe yuko hapa tangu juzi, ametoka kijijini Lweba kutusalimu. Katika miaka ile hakuwahi kukanyaga kwenye nyumba ya video, kwa sababu mwanamke wa heshima hakuingia mle. Alikuwa akipita barabarani na beseni lake la visamaki vya ndagala kichwani, akisikia vishindo tu. Leo akasema na yeye anataka kuona. Nikamwambia Kashindi ampe kiti cha mbele, kile chenye mgongo.

Nasema nilimwambia Kashindi, kwa sababu mnajua heshima ya mkwe ilivyo kwetu. Simpi mkono. Sikai naye mkeka mmoja. Tukikutana njiani, mimi naingia majanini ili apite. Akiwa na neno kwangu, humwambia mtu mwingine aniambie, hata kama nimesimama mbele ya macho yake. Tangu nioe sijawahi kumgusa hata kwa bahati mbaya. Sasa ningekaaje naye kwenye giza lile? Nikabaki nje na jenereta.

Kwanza walianza na nyimbo za enzi zetu, na stoo nzima ikawa inaimba. Baada ya hapo ingekuja karate. Nikachungulia tangi la jenereta nikaona mafuta yatakatika katikati ya karate, na watu wa mji huu wa Baraka ukiwakatia karate katikati wanakubomolea nyumba. Nikachukua kidumu, nikateremka kwa Mama Zaina, anayeuza esansi, yaani petroli, kwenye chupa kule chini karibu na ziwa. Ukifika pale, muziki wa kwangu unamezwa na kelele za watu na pikipiki.

Mama Zaina akaanza kunimiminia, huku anavicheka viatu vyangu. Mambo yalikuwa mazuri.

Ta-ta-ta-ta-ta!

Kimya. Halafu tena, kutoka juu, upande wa kwangu. Na safari hii kitu kizito: buuum!

Ndugu zangu, ninyi mnajua. Usiku tuliolala porini na mvua, godoro kichwani, kuziba mtoto mdomo asilie, vyote vilirudi kwa pamoja. Hiyo nayo ni zamani yetu, ila sijaona mtu kwenye grupu anayeiomba irudi.

Nani alipiga kelele ya kwanza? Mimi.

"Banapiga! Batu, banapiga! Tukimbie!"

Mama Zaina hakuuliza nani wala wapi. Chupa kwenye karai, karai kichwani, meza kwapani, ameshaondoka. Yule mama ana uzoefu. Vijana wa pikipiki wakawasha pikipiki zao, nami nikawapita kwa miguu, na viatu vile vile! Ufukoni nilifika wa kwanza. (Shuleni sikuwahi kushinda mbio hata siku moja.) Mvuvi mmoja alikuwa tayari anasukuma mtumbwi wake majini.

"Papa, ingia! Ingia tuende!"

Nikaweka mguu mmoja ndani. Ndipo nikamkumbuka mama mkwe.

Sitawadanganya, sikurudi pale pale. Nilisimama, mguu mmoja mtumbwini, mwingine majini. Kule juu kuna watu wenye bunduki. Huku kuna Riziki, ambaye itabidi nimweleze kwamba mama yake nilimwacha kwenye kiti chenye mgongo. Lakini haikuwa hofu ya Riziki tu. Yule mama amekimbia vita vyote vya huku, na sasa magoti yake ni mabovu, hata kwenda chooni anashika ukuta. Nilimwona akilini amekaa gizani anasubiri mtu aje. Mtu mwenyewe ni mimi.

"Papa, unabaki?" mvuvi akaniuliza.

"Mukwe yangu iko kule juu."

Akanitazama kwa huruma, akasukuma mtumbwi. Kiatu changu kimoja kikaenda naye.

Nikapanda kwa njia ya nyuma ya nyumba, katikati ya matembele na migomba, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Watu wote wanateremka, mimi peke yangu napanda. Ta-ta-ta! Nalala kifudifudi. Kimya, nainuka. Buuum! Nalala tena. Na shati linang'aa! Nani alinituma kuvaa shati la kung'aa? (Hata mtu wa Ubwari, kule ng'ambo ya maji, angeniona.) Nikajigaragaza kwenye matope mpaka likaacha kung'aa. Nilikuwa nasali sala zote ninazozijua, nikimaliza naanza za Waislamu nilizosikia kwa majirani, ili nisiache mlango wowote bila kubisha hodi.

Nilipofika kwenye ukuta wa jirani, kitu kikakohoa nyuma yangu.

Nikainua mikono.

"Afande, munihurumie. Mi ni mutu ya mihogo tu. Nafuata mukwe yangu, ni muzee."

Hakujibu. Nikajaribu Kifaransa: "Pardon, chef." Kimya. Nikageuza shingo polepole, polepole kabisa.

Mbuzi. Mbuzi wa jirani, amefungwa kwenye kigingi, anatafuna. Na hata baada ya kumwona, mikono yangu ilichelewa kushuka.

Nikafika kwangu. Jenereta bado inanguruma. Risasi sasa zinalia juu ya kichwa changu kabisa. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini vita vinatokea kwenye paa lake. Akili yangu ilikuwa imeshapanda ule mtumbwi. Nikafunua kidogo pazia la mlango wa stoo. Giza. Watu wamekaa kimya, wamejipanga, mikono magotini, wote wanatazama upande mmoja kwa macho makubwa. Hakuna anayesogea. Nikajua wametekwa, na aliyewateka yuko mbele yao.

Nilitaka kurudi nyuma. Nasema kweli, mwili wote ulitaka. Lakini niliona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe pale mbele, hakitikisiki, nikasema potelea mbali.

Nikatambaa chini ya mbao, kati ya miguu ya watu. Mmoja akanipiga teke akidhani ni mbwa. Sikulia. Nikafika kwenye kiti cha mbele, nikanong'ona:

"Mama, musiogope. Niko hapa."

Na kabla heshima haijanikumbuka, nikamshika mama mkwe mikono yote miwili, nikampakia mgongoni kama gunia la mihogo, nikasimama na kupaza sauti:

"Mulale chini bote! Bote chini! Tunapita!"

Halafu nikageuka kumkabili adui.

Adui alikuwa ndani ya televisheni. Komando mmoja kifua wazi, ana bunduki isiyoishiwa risasi, anapiga msitu mzima. Ta-ta-ta-ta. Kando yake amekaa Kashindi, maikrofoni mkono mmoja, kikombe cha chai mkono mwingine, hasemi neno.

Sikuweza kusogea. Matope mwili mzima. Kiatu kimoja. Mama mkwe mgongoni! Stoo nzima ikamwacha komando, ikanitazama mimi.

Ndipo nikasikia sauti ikitokea juu ya bega langu, tulivu kabisa. Hakuniambia mimi. Heshima ni heshima, hata ukiwa umebebwa.

"Kashindi, muambie mukwe yangu anitelemushe. Iko anazibia batu."

Na Kashindi, kwa mazoea ya miaka, akaweka maikrofoni mdomoni.

"Mama mukwe anasema umutelemushe! Unazibia batu!"

Ikatoka kwenye bafle. Juu ya paa. Kuelekea barabarani. Waliokuwa ufukoni wanasema waliisikia vizuri sana.

Nikamshusha polepole. Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia, watu walianguka kutoka kwenye mbao. Kumbe ule mkanda wa karate ulitafunwa na deki, ndiyo maana Kashindi akaweka wa komando.

"Na mbona hukufasiria?" nikamuuliza. "Ningesikia sauti yako ningejua risasi ni za filme."

Akanishangaa kweli kweli.

"Nifasirie nini? Masasi? Nani hapa ku Baraka hajue masasi?"

Waliokimbia wakaanza kurudi. Mama Zaina akafika, meza bado iko kwapani, akitaka aonyeshwe mtu aliyepiga kelele ya kwanza. (Nilimwonyesha upande wa soko.)

Mimi nilikuwa nimeinama mlangoni, nasubiri hukumu. Maana kumgusa mama mkwe si mchezo. Kuna koo ambazo kwa hilo tu zinaita kikao, na Riziki alikuwa hajarudi. Hofu ya risasi ilikuwa imeisha, hii sasa ndiyo ilikuwa imeanza. Mama mkwe alifunga upya kikwembe chake kiunoni, bila haraka. Akainua mkono. Kicheko kikapungua.

"Kashindi, muambie mukwe yangu hivi. Vita yote mi nilikimbia, batu balinipita. Bajirani balinipita, bandugu balinipita, hata bwana yangu alinipita. Hakuna hata mumoja alinirudilia."

Kashindi safari hii aliweka maikrofoni chini. Akanigeukia, akaniambia kwa sauti ndogo, neno kwa neno, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Na umuambie aingie akae ndani," mama mkwe akasema. "Pale karibu na mulango. Siku masasi ya kweli itarudi, asitambae tena mbali kunifuata."

Mle ndani hakuna aliyecheka. Basi na ninyi msicheke.